Saa Mbili Iko Wapi?

Jumatatu, 28 Oktoba

Mvua ya kwanza leo, na mimi siku yangu ya kwanza Nyarugusu. Uwanja wenyewe ni njia moja ya changarawe, kibanda cha bati, mapipa kumi na mawili ya petroli ya ndege yaliyolazwa chini ya turubai, mzee Mayala mlinzi, na karasha tatu nyuma ya uzio zinazosaga mawe ya dhahabu kutwa nzima. Kampuni imenileta hapa hadi mvua ziishe.

Ndege yetu ni moja tu, injini moja, viti sita, ina umri mkubwa kuliko rubani wake. Inatoka Shinyanga kila Jumatatu na Alhamisi, inatua hapa kuongeza mafuta, inakwenda Buseresere, inarudi. Ikitua mimi naijaza, nachota mafuta kidogo chini ya matanki kwenye kikombe cha kioo nione kama yameingia maji, nakagua, halafu naandika kwenye kitabu cha hitilafu. Kitabu kinasafiri na ndege. Jioni kinafika Shinyanga kwa Fundi Pantaleo, mwenye leseni ya kufungua, kurekebisha na kutia sahihi. Yeye anajibu chini ya maneno yangu, nami nasoma jibu ndege ikirudi. Kwa kuwa kwangu haibaki karatasi, majibu yake nitayanakili humu.

Alhamisi, 31 Oktoba

Maji hakuna. Mafuta ni bluu safi.

Alhamisi ndiyo siku ya Rhoda, mdogo wangu. Ni muuguzi, anapeleka damu na chanjo kwenye zahanati ambazo barabara zake mvua imezikata. Nyuma maboksi yamejaa, kwa hiyo anakaa mbele, kiti cha pembeni mwa rubani, na ananipungia mkono kama mke wa mbunge. Kapteni Enock, rubani wetu, naye ana maneno yake: "Fundi Sikujua, leo unajua nini?" Mama alinipa jina hili kwa sababu hakujua ana mimba yangu mpaka mwezi wa tano. Miaka thelathini na moja nalipia kutojua kwake.

Jumatatu, 4 Novemba

Mvua. Mafuta safi.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimesikia harufu ya petroli mbele ya ndege. Mzee Mayala akasema ni pampu za wachimbaji wanaotoa maji kwenye maduara, mashimo yao. Huenda. Tangu mvua zianze pampu zao hazinyamazi.

Jumatatu, 11 Novemba

Si pampu za wachimbaji.

Leo nimefungua kidirisha cha boneti, nikaingiza tochi na kile kioo kidogo chenye mpini. Nyuma ya injini kuna bati linaloitenga na chumba cha rubani, sisi tunaliita ukuta wa moto. Mabomba yote ya mafuta yanapita hapo. Petroli ya ndege imetiwa rangi ya bluu, kwa hiyo ikivuja ikakauka, inaacha alama. Nimeiona alama. Ina upana wa ukucha wa kidole gumba.

Nimeandika kitabuni: *Doa la bluu kwenye ukuta wa moto, saa mbili.* Ndivyo tunavyoandika, tunautazama ukuta kama uso wa saa, kumi na mbili ikiwa juu. Chuoni walitufundisha hivyo na Fundi Pantaleo pia huandika hivyo. Nilijaribu kupiga picha ikatoka giza tupu.

Chini ya lile doa, shubiri moja tu, linapita bomba la moshi. Injini ikiwa kazini bomba lile linaiva likawa jekundu. Sikuandika hilo kitabuni maana fundi analijua kuliko mimi, lakini tangu mchana nalifikiria.

Alhamisi, 14 Novemba

Jibu: *Nimekagua saa mbili. Pakavu. Nimekaza kidogo. P.*

Moyo umetulia. Huyu ndiye mzee aliyenifundisha kushika spana. Miaka miwili nimesimama ubavuni mwake, yeye akinyoosha kidole nami nikitazama. Akisema pakavu, pakavu. Nilimpungia Rhoda bila wasiwasi, na mvua ilianza walipokuwa wanatua, sikuweza hata kufungua boneti.

Jumatatu, 18 Novemba

Doa lipo. Nimelifuta kwa kitambaa, nikaandika upya: *Doa la bluu, saa mbili, bado.*

Alhamisi, 21 Novemba

Jibu: *Nimekagua tena saa mbili. Pakavu kabisa. Nimekaza kidogo. P.*

Nililolifuta Jumatatu limerudi, na sasa limeteremka chini kama chozi. Nikamwita Enock achungulie kwenye kioo. Akachungulia, akasema ni doa dogo, atamwambia fundi kwa mdomo wake. Rhoda alikuwa ameshafunga mkanda. "Dada, vipi, tunaondoka au tunalala hapa?" Nikaandika *saa mbili* kwa herufi kubwa, nikapiga mstari chini yake mara mbili.

Waliporudi jioni salama nikagundua kwamba tangu asubuhi nilikuwa sijala. Ninaogopa, sina jina jingine la kuita hali hii.

Jumatatu, 25 Novemba

Mvua kubwa, ndege haikuja. Nimeshukuru.

Alhamisi, 28 Novemba

Jibu: *Saa mbili pakavu kama mfupa. Nimekaza kidogo kwa usalama. Usiwe na hofu, binti yangu. P.*

Doa ni la ukubwa wa jani la mchicha. Nilipanda juu ya kichuguu kule mwisho wa njia ndiko mtandao unakopatikana, nikampigia.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Mwangaluka!" akanisalimu na kwa Kisukuma. "Huko mvua vipi?"

"Fundi, lile doa linaongezeka."

"Lipi? Lile la saa mbili?"

"Hilohilo."

"Mama, nimepapasa kwa vidole vyangu mwenyewe. Hakuna kitu pale. Umeangalia vizuri kwa kioo? Kioo kinadanganya."

"Kioo sikukianza jana, fundi."

Akacheka. Akasema upweke wa Nyarugusu unamfanya mtu aone mengi. Nimeshuka kwenye kichuguu nikiwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu mzima wa umri wake. Hafungui boneti. Sasa naamini hivyo. Mvua inanyesha, hangari la Shinyanga linavuja, magoti yanamuuma, anakaa na chai yake na kuandika *pakavu*. Mtu anaweza kuandika neno hilo bila kunyanyuka kwenye kiti.

Jumapili, 1 Desemba

Kanisani nimemwombea Rhoda. Fundi Pantaleo nimeshindwa kumwombea.

Alhamisi, 5 Desemba

Jibu: *Saa mbili. Pakavu. Nimekaza kidogo. P.* Maneno yaleyale, kama muhuri. Jumatatu ndege haikuja.

Nimemvuta Rhoda pembeni ya mapipa nikamwambia kila kitu. Alinisikiliza akiwa ameshika boksi lake la damu tumboni.

"Dada, fundi mkuu amesaini?"

"Amesaini."

"Rubani amekubali?"

"Amekubali."

"Sasa wewe unataka mimi nimwamini nani? Kule Buseresere kuna mama ana siku mbili anavuja damu. Nimwambie dada yangu ameona doa?"

Akapanda. Nilihesabu dakika kwenye simu: ishirini na tatu kwenda. Mlio wa injini ulipopotea nilibaki nasikia karasha tu, na kila karasha ilipokatisha mlio wake ili waongeze mawe, nilinyanyuka kutazama magharibi.

Jumatatu, 9 Desemba

Ndege haikuja, mawingu yamelala chini mno. Sijalala vizuri siku nne.

Alhamisi, 12 Desemba

Nimefanya nilichofanya, na nikiulizwa nitafanya tena.

Walitua saa tatu asubuhi. Nilisikia harufu kabla propela haijasimama. Nikamwomba Enock awashe pampu ya umeme tu, injini ikiwa imezimwa. Nikakunja leso yangu nyeupe, nikaifunga kwenye ncha ya waya, nikaipitisha hadi pale pa saa mbili, nikahesabu hadi kumi. Leso ilitoka imelowa, bluu, na tone moja likaanguka kwenye kiatu changu.

"Enock, zima. Hamwendi."

"Kitabu kimesainiwa, Sikujua. Safari hii kaandika pakavu tu."

"Njoo unuse."

Akanusa leso. Akatazama anga upande wa magharibi ambako mvua ilikuwa inajikusanya. "Ni dakika ishirini na tatu tu," akasema, lakini kwa sauti ya mtu anayejiuliza mwenyewe. Nikaona akiendelea kujiuliza atapata jibu baya. Ufunguo ulikuwa bado unaning'inia. Nikaingiza mkono dirishani, nikauchomoa, nikautumbukiza ndani ya blauzi yangu. Mzee Mayala akageukia ukuta kwa heshima.

Rhoda alishuka. Sijawahi kumwona hivyo. "Nina chupa sita za damu humu. Zina masaa yake. Mtu anakufa kule kwa ajili ya leso yako!"

"Na wewe utaungua kwa ajili ya sahihi ya mtu."

"Hujui hilo."

"Silijui," nikasema. "Lakini hamwendi."

Alipanda kichuguu akapiga simu, akapata pikapu ya wachimbaji iliyokuwa inakwenda upande ule, akapanda nyuma kwenye matope na boksi lake, amefunikwa turubai langu. Hakuniaga. Nilisimama pale ufunguo ukinichoma kifua. Niliogopa kwamba nimemuua mgonjwa kule, niliogopa kwamba nimewaza uongo muda wote huu, na niliogopa zaidi nilipofikiri kwamba huenda si uongo.

Kichuguuni Enock alimpigia Fundi Pantaleo. Nilisikia sauti ya mzee ikivuma hadi nje ya simu. Kesho anakuja mwenyewe, na basi la kupitia Kahama.

Jioni, kichuguuni, ujumbe wa Rhoda, maneno manne: *Damu imefika. Yuko hai.* Salamu hakuna.

Ijumaa, 13 Desemba

Alifika saa tisa alasiri kwa bodaboda, matope hadi magotini, begi la spana mgongoni. Alikuwa na hasira. Salamu yangu aliiitikia nusu.

"Haya. Boneti."

Tukafungua yote, mimi upande huu, yeye upande ule, Enock ameshika tochi. Fundi akaingiza mkono moja kwa moja bila kutafuta, kama mtu anayejua kitasa cha mlango wake. Akagusa nati inayofunga bomba la mafuta. "Hapa. Saa mbili. Pakavu au si pakavu?"

Mkono wake ulikuwa chini kushoto, ukiitazama ndege usoni.

Nilidhani anatania. "Fundi, hapo ni saa nane."

"Saa nane ni usiku mkubwa au baada ya chakula cha mchana. Saa mbili ni hapa." Akanyoosha mkono wake wa saa, ile saa yake ya zamani ya kamba ya ngozi. "Saa mbili asubuhi mshale mfupi unakuwa wapi?"

Nikatazama. Mshale mfupi, saa mbili asubuhi, unakuwa kwenye namba nane. Chini kushoto. Maisha yangu yote nimeusoma hivyo ukutani kwetu, na maisha yangu yote ya chuo nimeandika kwa namba, maana vitabu vyao ni vya Kizungu na mbili yao ni namba mbili. Juu kulia. Yeye alifundishwa na mzee mmoja, fundi Mabula, kwa Kiswahili, chini ya ndege, bila kitabu. Miaka miwili tukiwa pamoja tulinyoosha vidole tu, hatukuwahi kuhitaji neno.

Nikaweka kidole changu juu kulia. Alizunguka akaja upande wangu, akaingiza mkono, akaminya paipu ya mpira inayotoka kwenye pampu. Petroli iliruka ikampiga shavuni. Alipoifungua tukaona klipu imeila paipu wiki kwa wiki, imebaki ngozi nyembamba. Akaikunja kidogo tu ikapasuka mikononi mwake.

Akakaa kwenye pipa. "Safari ngapi?" akamuuliza Enock. Enock alikwenda nyuma ya kibanda akatapika.

"Nilikuwa nafungua," mzee akaniambia. "Kila mara. Nilikuwa naingia hadi bega."

"Najua, fundi."

Sikuwa najua. Nilimtukana moyoni wiki mbili, nikamnyima hata sala, wakati yeye alikuwa amelala chini ya injini na magoti yake mabovu akipapasa mahali nilipomtuma. Nilitaka kumwomba radhi nikaanza "mimi siku..." nikaishia hapo, maana neno lililofuata lilikuwa jina langu lenyewe. Yeye ndiye aliyecheka kwanza, kicheko kibaya cha mtu aliyeponea. Kisha akafuta macho kwa ile leso ya bluu.

Paipu mpya alikuwa nayo begini. Alisema aliichukua akiwa na hasira, ili anioneshe kwamba haihitajiki.

Jumatatu, 16 Desemba

Ndege imekuja, imekwenda, imerudi. Leso nyeupe kila safari. Tumekubaliana saa tumeifuta kitabuni. Tutaandika juu au chini. Na kwa kuwa kushoto nako kuna kushoto kwako na kushoto kwa ndege, tutaandika upande wa rubani au upande wa abiria.

Alhamisi, 19 Desemba

Rhoda amekuja na amenisalimia. Ameniletea karanga za Tinde, hakusema za nini, nami sikuuliza. Wameruka saa tatu na nusu, anga safi. Nikakaa kwenye pipa na daftari hili kuandika *Alhamisi, shwari*, na kwa raha tu nikaanza kusoma tangu mwanzo, nijicheke.

Nimekaza kidogo.

Nimekaza kidogo.

Nimekaza kidogo kwa usalama.

Nimekaza kidogo.

Nilisoma mara ya pili kidole kikiwa kwenye mstari. Mara nne. Nati ya alumini, nzima, isiyo na kosa lolote, na mkono wa Fundi Pantaleo ambao hata mfuniko wa chupa ya soda unaufunga moja kwa moja. Alumini ikikazwa kupita kiasi inapasuka. Kila nilipopiga kelele kuhusu juu, yeye alikaza chini. Na Ijumaa ile hakuna aliyepaangalia tena, maana hapo ndipo tulipokuwa tumepakagua kuliko mahali pengine popote.

Nilikimbia hadi kwenye kichuguu. Rhoda: namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Enock: haipatikani kwa sasa. Kibandani kwetu redio hakuna. Nikampigia fundi.

"Ile nati ya chini uliikaza mara ngapi?"

Nikasikia kikombe kikiwekwa mezani.

"Nne," akasema. Halafu, taratibu sana, "Mungu wangu."

"Wako juu, fundi."

"Dakika?"

"Kumi na moja."

Hatukukata simu. Nilisimama juu ya kichuguu nikiisikiliza pumzi ya mzee yule, na mbele yangu upande wa magharibi anga lilikuwa tupu, nami nikilikagua kila kona nikitafuta moshi. Mzee Mayala alikuja akasimama chini yangu, akavua kofia bila kuuliza. Dakika ya ishirini na tatu nikakata, nikampigia Enock. Haipatikani. Ya ishirini na tano, haipatikani. Rhoda, haipatikani. Ya ishirini na nane ikaita.

"Fundi Sikujua, leo unajua nini?"

Niliketi chini. "Usiiwashe tena. Fungua boneti. Tazama chini, upande wa abiria."

Nilimsikia akitembea, nikasikia vifungo, nikasikia Rhoda akiuliza kuna nini. Kisha Enock akarudi kwenye simu na sauti nyingine. "Panalowa," akasema. "Kuna bluu."

Ijumaa, 20 Desemba

Fundi Pantaleo amefika Buseresere mchana huu. Rhoda amekaa naye chini ya bawa akimshikia tochi. Saa kumi, nikiwa kichuguuni, simu yangu ikalia, picha. Nati kwenye kiganja chake, na ufa mwembamba kama unywele umeizunguka karibu yote. Chini ya picha ameandika mahali alipoitoa, ili pasiwe na wa kukosea tena:

*Chini, upande anaokaa Rhoda.*